Kiti cha Arobaini

Mpo? Nikiuliza mpo, nijibuni kwamba mpo na masikio mmekuja nayo. Haya. Aliye na chai aimalize sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kusikia vijiko. Hadithi hii nimeisimulia shuleni, nimeisimulia kanisani, na mara moja niliisimulia kwenye arusi, ambako shangazi wawili wa bibi arusi waligombana mpaka keki ikasahaulika mezani. Kwa hiyo nawaonya mapema. Nikifika mwisho nitawauliza swali, na mtu asinitazame mimi kana kwamba jibu nimelificha kwenye pochi. Sina jibu. Nina hadithi tu.

Palikuwa na vijana watatu, na kila mmoja alikuwa na chake alichojaliwa.

Wa kwanza aliitwa Hetal Chudasama, binti wa fundi wa saa wa Kitale. Huyu alijaliwa kichwa. Akisoma kitu mara moja, kimekaa. Alipata kitabu kimoja kikuukuu cha tiba ya mifugo, cha kurasa mia nane, akakisoma na kukirudia mpaka jalada likang'oka. Alijua ng'ombe ana matumbo mangapi na kila tumbo lina kazi gani. Ngamia alimjua kwa picha. Hajawahi hata kumpapasa.

Wa pili aliitwa Diba Umuro, Mgabra, kutoka kule kaskazini ambako mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Huyu alijaliwa wanyama. Alikuwa akisimama mahali, mbuzi wanamfuata, punda anatulia, ngamia mkorofi anashusha shingo. Shule aliyosoma ilikaa miaka miwili bila mwalimu wa biolojia, na hadubini yao moja ilikuwa na kioo kilichopasuka. Wanafunzi walikuwa wakiangalia ndani yake kwa zamu na kusema wameona, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa amesimama pale.

Wa tatu aliitwa Kemunto Ombati, mtoto wa mchuma chai wa Kisii. Huyu alijaliwa mikono. Ilikuwa mirefu mpaka wenzake shuleni walimtania kwamba anaweza kujikuna goti bila kuinama, na ilikuwa na nguvu za kukama ng'ombe sita wa jirani kila alfajiri kabla ya kengele ya shule. Ng'ombe akishindwa kuzaa mtaani kwao, watu hawakwenda kumwita daktari aliyeko mbali. Walikwenda kumtoa Kemunto darasani.

Hawa watatu hawakujuana. Lililowakutanisha ni benchi.

Benchi hilo lilikuwa nje ya Chuo cha Tiba ya Mifugo cha Ndarasha. Msikitafute kwenye ramani, chuo hicho kiko kwenye hadithi yangu. Kilikuwa kinachukua wanafunzi arobaini kwa mwaka, si arobaini na mmoja, na kilikuwa na mtihani wake wa kuingilia, mmoja kwa nchi nzima, siku moja, saa moja. Ukipata sitini kwa mia, umefaulu na unafaa kusoma pale. Lakini waliokuwa wakipata sitini na zaidi walikuwa mamia, na viti ni arobaini. Basi wenye alama za juu kabisa walipewa viti thelathini. Viti tisa, vilivyoitwa vya mgao, walipewa vijana waliofaulu kutoka jamii ambazo hazijawahi kuwa na daktari wa mifugo hata mmoja. Na kiti cha arobaini kiliachiwa bodi ya chuo, ikae, iangalie, iamue yenyewe nani anakistahili.

Sasa mwaka huo sikilizeni ilivyotokea. Wa thelathini katika orodha ya alama alipata tisini na mbili. Hetal alipata tisini na moja. Diba alipata sitini na nne. Jamii tisa zilipata viti vyao, ya kwake ikawa ya kumi, na tangu chuo kijengwe hakijawahi kumwita Mgabra hata mmoja. Kemunto alipata sabini na nane. Hakuwa na alama za kutosha upande ule, na upande huu hakuna aliyeweza kusema Wakisii hawajulikani, maana walikuwamo tisa chuoni tayari. Bodi ikawaita wote watatu waje siku moja. Na sheria ya chuo ilikuwa kali: akosaye siku ya bodi haombi tena. Anarudi kwao akatafute kazi nyingine ya kupenda.

Kwa hiyo mnaelewa wale watoto walivyokuwa wamekaa pale, mgongo wima, bahasha magotini. Diba alikuwa amevaa viatu vya kuazima. Gauni la Kemunto lilikuwa la dada yake. Hetal alikuwa amepigiwa pasi na mama yake mpaka kola.

Askari wa mlangoni aliitwa Sajini, kwa sababu alikuwa jeshini zamani na hakutaka mtu asahau. Sajini alimfuata Hetal kwanza.

"Madam, wageni wa mkuu hupitia mlango wa mbele."

"Mimi si mgeni, afande. Mimi ni mwombaji."

"Mwombaji? Wewe?" Akamtazama. "Kwani kwenu ni wapi?"

"Kitale."

"Hapana, nauliza kwenu kwenu."

"Kitale, afande. Babu yangu alizaliwa Kitale."

Sajini akakuna kidevu. "Lakini nyinyi si mna maduka?"

"Baba yangu ana meza moja na koleo tatu," Hetal akasema. Alisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulijibu hilo mara nyingi.

Sajini akasogea kwa Kemunto. "Na wewe Mkisii? Aa, nyinyi mmejaa humu ndani. Tisa!"

"Hao tisa siwajui, afande. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kunisaidia kukama."

Akafika kwa Diba. "Nawe ndiwe yule wa mgao."

Diba alitazama vile viatu vya kuazima. "Mimi ni Diba," akasema.

Msimchukie Sajini. Alikuwa anasema kwa sauti yale ambayo ndani ya ukumbi yalikuwa yanasemwa kwa lugha ya kisomi.

Maana ndani ya ukumbi moto ulikuwa umewaka. Madaktari wote saba wa chuo walikuwa wajumbe wa bodi, na walikuwa wamefungiana humo tangu saa moja asubuhi. Walikuwa na desturi yao siku hiyo. Miaka ya nyuma, wazazi na wakubwa walikuwa wakipiga simu katikati ya kikao, na kiti cha arobaini kikawa kinakwenda kwa aliyepiga mwisho. Mkuu wa chuo, Dakta Kanana, alichoka na aibu hiyo. Akaamuru simu zote ziwekwe kwenye kikapu nje, mlango ufungwe kwa komeo la ndani, na Sajini asibishe hodi kwa sababu yoyote ile. Alimwambia, "Hata chuo kikiungua, zima kwanza, ndipo uje uniambie." Sajini alipiga saluti. Wanafunzi walikuwa likizoni. Kwa hiyo siku hiyo madaktari saba wa mifugo walijifungia ndani kubishana ni nani anafaa kuwa daktari wa mifugo, na uwanjani hakukubaki wa kumpima hata kuku.

Saa nne hivi, akaja ngamia.

Alikuwa anavutwa na Mama Nasimiyu, mwenye hoteli ya pale sokoni. Mama huyu alikuwa amesikia kwamba watu wa mjini wanapenda chai ya maziwa ya ngamia, akamnunua ngamia kutoka kwa mfugaji wa kaskazini aliyekuwa akipita, na tangu siku hiyo walikuwa wanaishi pamoja bila kuelewana. Sasa ngamia alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka, na nyuma yake lilikuwa linakuja nusu ya soko, na wanaume wanne wenye kamba.

"Daktari! Jamani daktari! Ngamia wangu tumbo linamkata tangu alfajiri! Nimempa tangawizi, nimempa magadi, hapoi!"

Diba aliinuka kwenye benchi. Alitazama mkia, akatazama mbavu, akatazama tena mkia.

"Shikamoo mama. Huyu haumwi tumbo. Huyu anazaa."

"Anazaa! Aliyeniuzia hakuniambia ana mimba!"

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza kama anatoa maziwa."

"Basi maziwa ndiyo hayo yanakuja, mama."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikuchukua muda. Chini ya mkia ilikuwa imechomoza miguu miwili myembamba ya mtoto, na ilikuwa imekauka. Ilikuwa nje tangu zamani. Mama Nasimiyu alipoiona alishika kichwa. Alikimbilia mlango wa ukumbi, na Sajini akasimama mbele yake.

"Kuna madaktari saba nyuma ya huo mlango!"

"Wako saba, mama. Lakini amri ni moja."

"Ngamia atakufa!"

"Nimeambiwa hata moto," Sajini akasema, akiutazama mlango kwa uchungu, maana moyo wake haukuwa mbaya. Lakini hakubisha hodi.

Hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza. Kaeni vizuri.

Wale wanaume wanne walikuwa wamekwisha kufunga kamba kwenye ile miguu miwili. Walisema ndivyo wanavyofanya kwa ng'ombe: funga, hesabu tatu, vuta. Walikuwa wamefika mbili Hetal aliposema, "Acheni!" Hawakuacha. Basi msichana yule aliyepigiwa pasi mpaka kola alikwenda akaikalia ile kamba. Alikaa juu yake, chini kwenye vumbi, akaishika kwa mikono miwili.

"Miguu imetoka, pua haijatoka," akasema. "Pua hutakiwa kulala juu ya miguu, vije pamoja. Hapa shingo imekunjika kurudi nyuma. Mkivuta mtaivunja shingo ya mtoto, na mama mtamchana ndani. Wote wawili watakufa."

"Wewe umewahi kuzalisha ngamia?" mmoja akamuuliza.

"Sijawahi. Nimesoma. Ukurasa wa mia nne na kumi na mbili."

Soko zima lilicheka. Yeye hakucheka wala hakuinuka. "Lazima arudishwe ndani kwanza, shingo inyooshwe, ndipo avutwe. Mkitaka kuvuta sasa, nivuteni na mimi." Akaanza kuwaeleza mfupa kwa mfupa, jinsi mtoto alivyolala mle ndani, akichora vumbini kwa kidole, mpaka yule wa mbele akaiachia kamba, na wenzake nao wakaiachia. Kama si Hetal, hesabu ingefika tatu.

Lakini kujua ni jambo moja, na ngamia ni jambo jingine. Alikuwa amesimama, anazunguka, anarusha miguu. Mtu mmoja alitupwa mpaka kwenye ua wa michongoma. Mama Nasimiyu alikuwa anambembeleza kwa Kibukusu, na ngamia yule hakuwa na haja na Kibukusu. Diba alivua vile viatu vya kuazima, akavipanga chini ya benchi. Akavua koti. Akapita mbali kidogo, mbele ya ngamia, ili amwone anakuja. Kisha akaanza kuimba.

Haukuwa wimbo wa kumfurahisha mtu. Kwao, ngamia wakifika kisimani, watu husimama ndani ya kisima wakipandisha maji na kuimba, na ngamia hunywa wakisikiliza. Ngamia aliyekulia huko huujua wimbo kabla hajajua kutembea vizuri. Huyu alikuwa amekaa mwezi mzima sokoni akisikia redio na honi. Sasa akasikia kisima chao. Masikio yakageuka. Akatoa sauti moja ndefu, nami nawaambia, kuna wanawake pale waliofuta machozi na hawakujua wanamlilia nani. Diba akasogea, akaweka mkono shingoni, akampigia ile sauti ya koo ambayo wenye ngamia huijua, na ngamia akapiga magoti. Akalala kifua chini, akatulia. Diba hakunyamaza tena. Angenyamaza, ngamia angeinuka, na aliyekuwa nyuma yake angevunjika mkono.

Na nyuma yake alihitajika mtu. Hetal alitazama mkono wake, akaona wazi ulivyo mfupi. Mtoto wa ngamia ana shingo ndefu, na kichwa kikirudi nyuma kinakuwa mbali. Kemunto hakusubiri kuombwa. "Leteni sabuni na maji ya moto," akasema, na Mama Nasimiyu alikimbia mpaka hotelini, yeye mwenyewe, na kiatu kimoja. Kemunto akapandisha mkono wa gauni la dada yake mpaka begani, akajipaka povu, akalala ubavu kwenye vumbi.

"Subiri asukume, apumzike," Hetal akamwambia. "Akipumzika, sukuma kifua cha mtoto kirudi. Usisukume miguu."

"Nasukuma."

"Unasikia nini?"

"Sikio. Nimegusa sikio. Linateleza."

"Pita mbele yake. Tafuta taya la chini. Ukilipata, funika meno kwa kiganja yasimchane mama."

Ngamia akasukuma, na mkono wa Kemunto ukabanwa mle ndani mpaka uso wake ukabadilika rangi. Alipiga ukelele mara moja, kwa Kikisii, neno ambalo mama yake angelisikia angemkanya. Lakini hakuutoa mkono. Vidole vilikufa ganzi, akaviamuru vifanye kazi hivyo hivyo vimekufa. Mara ya kwanza taya lilimponyoka. Mara ya pili likamponyoka. Mara ya tatu alifumba macho, akanyoosha mkono ule mrefu aliokuwa akitaniwa nao shuleni, akaupitisha pale ambapo hakuna mkono mwingine uwanjani pale ungeweza kufika.

"Imekuja!" akasema. "Shingo imekuja! Pua iko juu ya miguu!"

"Sasa vuteni!" Hetal akawaita wale wanaume wanne. "Kuelekea chini, na akisukuma yeye tu. Akipumzika, pumzikeni!"

Wakavuta, wakapumzika. Wakavuta. Na ghafla, kama mzigo unaoteremka kutoka kwenye lori, akateleza mtoto wa ngamia, miguu mirefu kila upande, akalala vumbini. Hakupumua.

Sauti ya Diba ilipungua, lakini hakuacha. Kemunto akamfuta puani kwa gauni. Hetal akamsugua kifua kwa sweta lake jeupe, akihesabu. Diba, huku anaimba, akanyoosha mguu na kumsogezea Hetal majani makavu kwa kidole gumba, akamwonyesha pua. Hetal akaelewa. Akamtekenya puani kwa jani.

Mtoto wa ngamia akapiga chafya!

Ee, laiti mngelisikia soko lile! Vigelegele vilipigwa mpaka kunguru wakahama paa. Wale wanaume wanne walikumbatiana kama waliozaa wao. Mama Nasimiyu alimkumbatia Kemunto, akamkumbatia Hetal, akamkumbatia Diba, halafu kwa haraka akamkumbatia na Sajini. Ngamia aligeuza shingo akamnusa mwanawe, na mwanawe akajaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena. Na wale watatu walikuwa wameketi vumbini, wachafu kuliko mtu yeyote aliyewahi kwenda kuhojiwa, wanacheka na wanalia kwa pamoja. Diba ndiye aliyelia zaidi.

Kelele zile ndizo zilizofungua komeo. Madaktari saba walitoka mbio na makaratasi mikononi, wakidhani chuo kinaungua. Dakta Kanana alipiga goti kwa ngamia, akampima mama, akampima mtoto, akaitazama ile miguu iliyokauka. Akainuka polepole.

"Shingo ilikuwa imerudi nyuma?"

"Ndiyo, daktari," watatu wakajibu.

"Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili. Wa namna hii niliowaokoa ni wachache kuliko waliokufa mikononi mwangu. Nani amemzalisha?"

Soko likaonyesha vidole, na vidole havikwenda upande mmoja.

Mngedhani hapo ugomvi umekwisha. Aa! Ulitoka ukumbini ukahamia uwanjani.

Profesa Ogutu, aliyekuwa upande wa alama, alisema, "Si mmeona? Bila kitabu wangemvuta wakamuua. Mtihani ni mmoja kwa wote, haumuulizi mtu jina la babu yake. Msichana huyu amekosa kwa alama moja, na kuna watu humu waliotaka kumkosesha tena eti watu wake wanajiweza. Watu wake ni akina nani? Huyu ni mtoto wa fundi saa."

Bwana Leshore, aliyekuwa upande wa mgao, alisema, "Si mmeona? Bila kijana huyu hicho kitabu kingesomwa juu ya mzoga. Nchi ya ngamia haijawahi kupata daktari anayejua ngamia husikiliza nini. Na hizo sitini na nne amezipata bila mwalimu. Mpeni mwalimu miaka miwili, halafu ndipo mlinganishe."

Daktari mmoja wa kike alisema, "Na mkono je? Nyote mmeuruka mkono. Huyu hana alama za kumbeba na hana kabila la kumbeba. Amekama ng'ombe sita kila alfajiri na bado akapata sabini na nane. Kila mwaka watoto kama yeye tunawaambia wao ni wengi, kana kwamba wingi huo unampikia mtu uji."

"Kwa hiyo tuwapime kwa jasho? Jasho linapimwaje?" Profesa akauliza.

"Na alama zako zinapima nini, kama si shule aliyosoma mtu?" Bwana Leshore akamjibu.

"Na mgao wako je, unampima nani? Mtu au kijiji?" Profesa akamrudishia.

Ikawa hivyo, sauti juu ya sauti. Dakta Kanana akainua mkono. Akasema jambo moja, na hilo lilizidi kuwachanganya. "Mtoeni Hetal katika asubuhi hii, ndama amekufa. Mtoeni Diba, ndama amekufa. Mtoeni Kemunto, ndama amekufa. Mimi siwezi kumpata aliyefanya kidogo."

Kisha akawageukia wao wenyewe. "Semeni nyinyi."

Hetal alisema, "Mkinipa nitachukua, daktari. Sitajifanya. Nimeambiwa tangu utoto kwamba nikitaka kitu hapa nisome kuliko wote, na nimesoma kuliko wote. Mkininyima, naomba mniambie nilipaswa kufanya nini zaidi."

Diba alisema, "Mkinipa, msiseme mmewapa Wagabra. Nimeshaitwa mgao leo kabla sijaketi. Lakini siwezi kusema uongo. Nikirudi bila kiti, nyumbani hawatasema Diba amekosa. Watasema tuliwaambia, sisi huko hatutakiwi."

Kemunto alikuwa anaukanda mkono, maana ulikuwa bado haumtii. Akasema, "Mimi sina hotuba. Huyu ni wa saba kumtoa kwa mkono huu. Ningependa siku moja nimtoe mmoja nikijua jina la ninachokishika."

Dakta Kanana akaomba kalamu. Sajini akampa yake. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina moja, naye akasimama pale uwanjani, kalamu juu ya karatasi, huku mtoto wa ngamia akisimama kwa mara ya kwanza kwa miguu yote minne na soko likimshangilia upya.

Najua mnachotaka kusema, nawaona. Wewe pale nyuma unataka waongeze kiti. Hakiongezwi, ni arobaini. Na wewe unataka wapige kura ya bahati. Nenda ukawaambie hivyo wale watatu, kwamba baada ya yote yale utarusha shilingi hewani. Na wewe shangazi unataka mmoja awaachie wenzake kwa moyo mwema. Hakuna aliyeachia. Walikuwa wanapendana tayari, wameshikana mikono kwenye benchi lile lile, na kila mmoja alikitaka kiti kwa roho yake yote. Wala sikuwaona wabaya kwa hilo.

Basi nyinyi, kalamu hii hapa. Andikeni jina. Mpeni mwenye alama, au mpeni ambaye watu wake hawajawahi kuitwa, au mpeni aliyetoka mbali zaidi bila mtu kumhesabia hatua. Lakini ukishaandika usiondoke. Geuka, uwatazame usoni wale wawili waliobaki kwenye benchi, na povu la sabuni halijawakauka, uwaambie sababu yako kwa sauti wanayoisikia.

Haya, anza wewe uliyekuwa unacheka. Ungemwandika nani, na hao wawili ungewaambia nini?